Wakfu wa jamii si mfadhili mdogo

Bwera, magharibi mwa Uganda, hatua chache kutoka mpaka wa Mpondwe wa kuingia Kongo, kuna kikundi cha kina mama wanaoweka akiba yao kwenye sanduku la bati lenye kufuli tatu. Funguo wanazo watu watatu, na sanduku analala nalo wa nne. Mchana mmoja nilikaa nao chini ya mwembe tukijaza fomu ya kuomba ruzuku. Walitaka tangi la lita 10,000 la kuvunia maji ya mvua kwenye shule ya msingi ya hapo karibu, pamoja na mifereji yake. Tulikuwa hatujafika mbali pale mweka hazina, mama mtu mzima asiyependa kuharakishwa, alipofunga kitabu chake cha kaunta akanitazama.

"Mwanangu, kabla hatujaandika tunataka nini, hizi pesa ni za nani?"

"Za wakfu wa jamii, mama."

"Na huo wakfu umezitoa wapi?"

Nilijibu kwa maneno mengi, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyogundua kwamba sijui vizuri. Fomu za namna ile nilikuwa nimezijaza miaka kadhaa, kwa vikundi vya Kasese na kwingineko, bila kujiuliza swali hilo. Tangu siku ile naamini ndilo swali la kwanza. Vikundi vingi hukwama kwa sababu vinauendea wakfu wa jamii kana kwamba ni mfadhili wa Ulaya aliyepunguzwa kimo, na wakfu wenyewe mara nyingi hujiendesha vivyo hivyo. Pande zote mbili hupoteza.

Neno lenyewe tunalo zamani. Muislamu akiweka shamba au duka wakfu, mali ile haiuzwi wala haigawanywi kwa warithi. Kodi na mavuno yake ndiyo yanayotengeneza paa la msikiti, kumlipa mwalimu wa madrasa, kuwalisha yatima. Sadaka hutolewa, ikatumika, ikaisha. Wakfu hubaki, na kinacholiwa ni tunda lake. Anayeishika tofauti hiyo ameshaelewa nusu ya jambo.

Nusu ya pili ilitoka mbali. Mwaka 1914, katika mji wa Cleveland huko Marekani, mwanasheria na mkuu wa benki aliyeitwa Frederick Goff alikuwa akisumbuliwa na wosia za matajiri. Watu walikuwa wakifa na kuacha fedha kwa kusudi fulani walilolichagua wao. Miaka ikipita, kusudi lile linakuwa halina maana tena, lakini fedha haziwezi kuguswa kwa kuwa marehemu aliandika hivyo. Goff akapendekeza fedha za namna hiyo ziunganishwe chini ya mwavuli mmoja, na kamati ya wakazi wa mji iamue mwaka hata mwaka mahali penye uhitaji. Hapo ulizaliwa wakfu wa kwanza wa jamii. Umbo lake halijabadilika sana tangu wakati huo: wachangiaji wengi badala ya mmoja, eneo linalojulikana mipaka yake, na waamuzi wanaoishi ndani ya eneo hilo.

Jirani zetu wa Kenya walianza mwaka 1997 na wakfu wao wa maendeleo ya jamii, unaojulikana kwa kifupi cha KCDF. Uganda wazo hili bado ni changa, na sheria haijalitengea chumba chake. Sheria ya mashirika yasiyo ya kiserikali ya mwaka 2016 inataja makundi kadhaa, kuanzia shirika la kijamii la gombolola, ngazi ya utawala iliyo chini ya wilaya, hadi shirika la kimataifa, lakini wakfu wa jamii si mojawapo. Kwa hiyo anayetaka kuuanzisha huusajili kama kampuni isiyo na hisa au kama udhamini, kisha anatafuta kibali cha kuendesha shirika kama mengine. Ndiyo maana jina pekee halikuambii kitu. Taasisi inaweza kujiita wakfu wa jamii ilhali fedha zake zote zinatoka kwa mtoaji mmoja na maamuzi yote yanafanyika Kampala. Nyingine inaweza kuitwa mfuko, au mtandao, na ikawa ndiyo wakfu wa jamii hasa.

Hapa kuna mkanganyiko ambao lazima uondolewe mapema, maana umevunja vikundi. Vijijini kila pesa inayoshuka kutoka juu huitwa jina moja: pesa za serikali, au pesa za wazungu. Mpango wa maendeleo ya parishi, PDM, uliozinduliwa Februari 2022 unapeleka shilingi milioni 100 kwa kila parishi, ngazi iliyo chini ya gombolola, kwa mwaka. Hiyo ni fedha ya serikali, inapitia sacco ya parishi, inakopeshwa kaya moja moja, na mkopaji anapaswa kuirudisha. Ruzuku ya wakfu hairudishwi, lakini pia haigawanywi. Inatolewa kwa shirika ili lifanye kazi iliyoandikwa kwenye mkataba. Nimeona wanachama wakikasirika kwamba viongozi "wamekula" ruzuku, kumbe pesa yote imekwenda kwenye kisima kama ilivyoandikwa, ila hakuna aliyewaeleza mapema kwamba hakuna mgao. Chuki ile haikwisha hata baada ya maji kutoka.

Sasa turudi kwa swali la mama. Pesa za wakfu wa jamii zinatoka wapi?

Kuna pesa ya mti na pesa ya mto.

Pesa ya mti ndiyo ile ya wakfu wa asili: mtaji uliowekezwa ambao hauguswi, watu wanakula matunda. Tufanye hesabu ya mfano tu. Wakfu una mtaji wa shilingi milioni 500, umeununulia hatifungani za serikali, na kwa mwaka unapata asilimia 10, yaani milioni 50. Bei za vitu hupanda. Kama hautarudisha kitu kwenye mtaji, baada ya miaka ishirini hivi milioni 500 zile hazitanunua hata nusu ya zilichonunua mwanzo. Basi unarudisha asilimia 4, milioni 20. Zimebaki 30. Mishahara ya watu wawili, pango la ofisi, safari za kukagua miradi na ukaguzi wa hesabu vinameza milioni 10, na hapo nimebana sana. Zimebaki 20. Ni vikundi kumi, kila kimoja milioni mbili. Mtu akisikia wakfu una nusu bilioni halafu kikundi chake kikapewa milioni mbili, anadhani kuna mkono umeingia njiani. Mara nyingi hakuna. Ni hesabu ya mti: ukitaka tunda kubwa leo, unakata tawi.

Pesa ya mto inapita. Mfadhili mkubwa wa nje anaupa wakfu fedha, nao wakfu unazigawa kwa vikundi. Kwa ukweli, sehemu kubwa ya ruzuku zinazotolewa katika ukanda wetu ni za namna hii, kwa sababu mti haujapata muda wa kukua. Tatizo la mto ni kwamba masharti nayo yanateremka na maji. Serikali ya nje inaweka masharti kwa shirika la kimataifa, shirika linaongeza yake, wakfu unaongeza yake, na kikundi cha gombolola chenye kitabu kimoja cha kaunta kinapokea furushi zima. Kila kituo pia kinachukua sehemu ya gharama za uendeshaji. Na mto unaweza kukauka ghafla. Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kufikia Julai mwaka huohuo shirika lake la misaada, USAID, lilikuwa limefungwa. Nchini Uganda kliniki, miradi ya vijana na mashirika madogo yaliyokuwa mwisho kabisa wa mfereji yalibaki na mikataba isiyo na pesa. Hata kabla ya hapo, mfuko wa utawala wa kidemokrasia uliokuwa ukichangiwa na nchi za Ulaya, DGF, ulisimamishwa na Rais Museveni mwaka 2021, na mashirika mengi yaliyouegemea yakapunguza wafanyakazi.

Fimbo ya mbali haiui nyoka. Hiyo ndiyo hoja nzima ya wakfu wa jamii, na ndiyo sababu ninaitetea kwa moyo wote. Lakini fimbo ya karibu lazima ikatwe kwenye mti wa karibu. Kati ya mwaka 2021 na 2025 kulikuwa na mpango wa nchi nane, Uganda ikiwemo, uliogharamiwa na wizara ya mambo ya nje ya Uholanzi, wa kuimarisha utoaji wa wenyeji wenyewe. Huku kwetu uliratibiwa na jukwaa la kitaifa la mashirika yasiyo ya kiserikali. Nilichokipenda ni kwamba uliwauliza watu wanatoa nini tayari, kabla ya kuwauliza wanahitaji nini.

Maana tunatoa. Ankole na Kigezi wana vikundi vya engozi, vilivyoanza kwa kubeba wagonjwa kwa machela kuvuka milima hadi hospitalini, na hadi leo vinasaidiana kwenye msiba na ugonjwa. Buganda wana munno mukabi, rafiki wa wakati wa dhiki, na bulungi bwansi, siku ambayo kijiji kizima kinatoka na majembe kutengeneza njia na visima. Acholi wana awak, kulimiana mashamba kwa zamu. Watu hawa wana utaratibu, adhabu kwa mtoro, mweka hazina na daftari. Wakfu wa jamii unaoingia wilayani na kusema unakuja kufundisha utamaduni wa kutoa umeshakosea mlango.

Na hapo ndipo vikundi vyetu vinajinyima. Karibu kila fomu ina kipengele cha mchango wa jamii, na karibu kila kikundi huandika "hakuna", kwa kuwa hakina fedha taslimu. Ngojeni kidogo. Kama watu 40 watachimba msingi wa tangi kwa siku tatu, na kibarua hapo kwenu hulipwa shilingi 10,000 kwa siku, huo ni mchango wa shilingi 1,200,000. Mawe mliyokusanya yana bei. Kiwanja alichotoa mzee kina bei, na kiandikiwe hati, isije siku wanawe wakalidai tangi. Andikeni yote. Baadhi ya wakfu hutoa ruzuku ya kulinganisha: mkichanga shilingi moja nao wanaongeza moja. Aliyeandika "hakuna" hapati hata hiyo.

Upande wa karatasi nitapita upesi, kwa sababu kila wilaya ina mazoea yake. Kikundi kinachofanya kazi ndani ya gombolola hujisajili wilayani. Safari huanza na barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, inapita gombolola, inaishia kwa kamati ya wilaya, na afisa maendeleo ya jamii ndiye wa kumwona kwanza. Mkitaka kuvuka mipaka hiyo mnahitaji kuwa shirika kamili lenye kibali, ambacho hakizidi miaka mitano kabla ya kuhuishwa. Mwaka 2024 sheria ilirekebishwa, ofisi iliyokuwa ikisimamia mashirika ikavunjwa na kazi zake zikahamia wizara ya mambo ya ndani. Kwa hiyo mkiambiwa mwende kwenye ofisi hiyo ya zamani, anayewaelekeza anatumia ramani iliyopitwa. Kwa kawaida wakfu utaomba pia katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao kilichoamua kuomba ruzuku, na akaunti ya benki yenye watia saini zaidi ya mmoja. Kina mama wa Bwera walicheka waliposikia hilo la mwisho. Kufuli tatu zao zilikuwa zimeitangulia benki.

Sharti linaloumiza ni lile la hesabu zilizokaguliwa za miaka miwili au mitatu. Kikundi ambacho hakijawahi kupata ruzuku kitamlipaje mkaguzi? Njia inayotumika ni kupata shirika mlezi, lililosajiliwa na lenye mhasibu, ambalo linapokea fedha kwa niaba yenu na kuwapa kwa awamu. Ni njia nzuri mkiandikiana. Pasipo maandishi ni balaa. Nakijua kikundi kimoja ambacho mlezi wake alikikata asilimia 15 ya ruzuku kwa "usimamizi" ambao haukutajwa popote, na walipouliza wakaambiwa hawana shukrani. Asilimia ya mlezi, siku ambazo anaruhusiwa kukaa na fedha kabla ya kuzitoa, na nani anamiliki vifaa mradi ukiisha: mambo hayo yawe kwenye karatasi yenye saini za pande zote.

Pesa ikiingia, kazi ya kweli inaanza, na ni ya risiti. Ngoja niieleze kwa karibu, kwa sababu hapa ndipo watu waaminifu huonekana wezi.

Mmenunua mifuko 14 ya saruji. Risiti iandikwe jina la kikundi, kamwe isiwe jina la mwenyekiti, hata kama mwenye duka ni shemeji yake na amezoea kuandika hivyo. Iwe na tarehe, idadi, bei ya mfuko mmoja na jumla. Saruji imepandishwa kwenye boda hadi shuleni kwa safari tano, na mwendesha boda hana risiti wala hajawahi kuwa nayo. Basi tengenezeni vocha: jina lake, namba ya simu, kutoka wapi hadi wapi, kiasi, saini yake, na saini ya mwanachama aliyeshuhudia. Mkimlipa kwa simu, ujumbe wa malipo upigwe picha siku hiyohiyo, kwa sababu simu huibwa na jumbe hufutika. Na mkumbuke kwamba tangu mwaka 2018 kuna kodi ya kutoa pesa kwenye simu, ambayo sasa ni nusu asilimia. Kwenye milioni mbili hiyo ni shilingi 10,000, bado makato ya mtandao wenyewe. Kama haimo kwenye bajeti, itatoka mfukoni mwa mweka hazina, naye atatafuta mahali pa kuifidia. Uongo mdogo wa kwanza katika vitabu vingi huanzia hapo, kwa mtu ambaye hakuiba chochote.

Jambo lingine ni kwamba pesa ya mifereji haiwezi kuwa pesa ya saruji bila idhini ya maandishi, hata kama ni halali kabisa kwa akili ya kawaida. Bei ya saruji ikipanda, pigeni simu kwa wakfu kabla ya kununua. Ofisa aliyeambiwa mapema husaidia. Aliyegundua mwenyewe kwenye ripoti hana la kufanya ila kuandika swali.

Hadi hapa nimezungumzia wajibu wa kikundi, kwa sababu ndio unaozungumzwa kila mahali. Lakini kama wakfu wa jamii ni wa jamii kweli, kikundi nacho kina la kuuliza. Nani yuko kwenye kamati ya kuchagua? Wangapi wanaishi wilaya hii? Mjumbe ambaye kikundi cha dada yake kimeomba, hutoka nje ya chumba? Aliyekataliwa huambiwa sababu, au hukaa miezi sita akisubiri simu? Mfadhili wa mbali unamshukuru na kuondoka. Wakfu wa jamii unafanya kazi kwa jina lako, na pengine kwa shilingi zako. Asiyekuwepo na lake halipo, na sisi tumekuwa tukikosekana kwenye vyumba hivyo kwa hiari yetu.

Lugha nayo ni mlango. Nakivale, wilayani Isingiro, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali kuna vikundi vya wakimbizi kutoka Kongo ambavyo hufanya vikao, daftari na ugomvi wote kwa Kiswahili. Sheria ya wakimbizi ya mwaka 2006 inawapa haki ya kuunda vyama visivyo vya kisiasa na visivyo vya faida. Julai 2022 baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi. Bado fomu zinakuja kwa Kiingereza pekee, na anayeijaza ni kijana mmoja aliyesoma, ambaye pole pole anageuka kuwa mwenye kikundi. Wakfu wa jamii ungeweza kupokea ombi la Kiswahili kesho asubuhi, hata la kurekodiwa kwa sauti kwenye simu. Hilo halihitaji mtaji wowote. Linahitaji mtu ofisini anayesikiliza.

Fomu ya Bwera ilisubiri wiki mbili. Mama alikataa isipelekwe kabla swali lake halijajibiwa, na wenzake wakasimama naye, ingawa mimi nilikuwa naogopa tarehe ya mwisho. Tuliandika barua fupi kuuliza pesa zimetoka wapi na nani atakaa kuamua. Jibu lilikuja likiwa limeeleza fedha za nje ni kiasi gani na michango ya hapa ni kiasi gani, pamoja na majina saba ya wanakamati. Mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu ambaye mama alimuuzia nyanya kila Ijumaa.

"Kumbe ni huyu," akasema. "Huyu anajua bei za hapa."

Akafungua kitabu cha kaunta, akachukua kalamu, akaifuta bei ya mifereji tuliyokuwa tumeikisia, akaandika ile aliyoiulizia mwenyewe sokoni.